Picha Yangu Kwenye Kiti cha Matanga

Chekeni tu, nimeshazoea, mtaa mzima wa Malakia unanijua kama yule mama aliyehudhuria matanga yake mwenyewe akiwa amevaa suti ya mume wake.

Tangu nijifungue hakuna aliyeniita jina langu, ni Mama Poni leta maji, Mama Poni mtoto analia, basi nikavaa suti ya mume wangu aliyekuwa safarini, nikachukua gazeti la mitindo la zamani nililotoka nalo Kenya (lina mwanamke wa suti nyeusi, kidevu juu, haombi ruhusa ya mtu) nikampelekea Mganda mwenye studio pale soko la Konyo Konyo, nikamwambia nipige hivi. Akanipaka poda mpaka nikawa kama unga wa muhogo. "Madam, usicheke! Angalia kamera kama hiyo iko adui yako." Nikamfikiria wifi yangu, na picha ikatoka kali ajabu, nyeusi na nyeupe, kubwa kama dirisha.

Siku ya kuichukua nilimwachia wifi Poni, nikaenda na suti ileile, nikatamani nyingine, ya kofia, nikapakwa poda tena, na badala ya kuisubirisha ile kubwa nikaitanguliza kwa boda boda, Mganda ameifunga kitambaa cheusi kioo kisipasuke. Hapo ndipo nilipojizika. Kwetu picha ya ukubwa ule, yenye fremu, hutengenezewa marehemu, huwekwa kitini waombolezaji wakaizunguka. Dereva akaiacha mlangoni akaenda zake, simu yangu haikushika mtandao, na boda boda zinaua watu kila siku, nani angeuliza?

Nilisikia vilio tangu njiani, nikaharakisha nikatoe pole (naam, pole yangu mwenyewe!). Nikaingia. Wanawake wamekaa mkekani, na mbele yao, kitini, niko mimi, nawatazama kwa hasira, mshumaa unawaka chini yangu. Na mlangoni niko mimi tena, suti ileile, poda ileile. Nakwambia nilijishika shingo kuona kama mshipa bado unapiga.

Mzee mmoja wa kanisa akanong'ona, "Rudi kwa amani, binti. Sisi hatukukuua."

Wakatimua mbio, wakaacha viatu, wakamwaga sufuria ya chai. Aliyebaki ni wifi, amevaa kitenge changu kipya, na mgongoni Poni wangu, kichwa kimeshanyolewa kipara cha msiba, nguo zake zimefungwa kifurushi.

"Unampeleka wapi?"

"Nesitu, kijijini kwetu," akarudi nyuma. "Mtoto ni wa ukoo wetu. Usiniguse, marehemu."

"Marehemu ni wewe! Mwili wangu mliuona? Chai haijapoa mmeshagawana mtoto?"

Nikamvuta Poni. Akapiga yowe, akanikwepa, akamnyooshea mikono yule wa kitini, waliyekwisha kumwonyesha kuwa ndiye mama. "Mama!" Jamani. Nikakimbilia mtungi, nikajisugua uso mpaka ukawasha, nikarudi, akaninusa shingoni, ndipo akatulia.

Sitapiga tena picha bila kuonyesha meno, na nitaibeba mwenyewe kichwani, nikiimba njia nzima watu wanisikie napumua. Ile kubwa nimeigeuza uso ukutani, naigeuza tena siku anayokuja wifi tu (kitenge hajarudisha). Nywele za Poni zimeshaota. Ila akiulizwa mama yuko wapi, bado hutazama ukuta kwanza, ndipo anitazame mimi.