Mama wa Pinga na Ubelgiji Yangu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka masikio yanapata moto hata nikiwa peke yangu na ng'ombe.

Usicheke kwa sababu nimekuita mwanangu. Najua nina miaka kumi na tisa, na ndevu zangu bado zinafikiria kama zitoke ao zibaki ndani. Lakini wewe umekalia dawati la shule yetu pale Kingi ambalo mimi nimelitoka juzi, na jambo hili mtu mzima wa kweli hatakuambia. Watu wazima wakifanya upumbavu wanaufunika vizuri. Mimi wangu niliufanya parkingini, jua likiwaka, watu wakiangalia.

Nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza wa chuo Goma, masomo ya mifugo. Chuo kikachagua wanafunzi wachache waende kufanya staji, mafunzo ya kazi, nje ya nchi wakati wa vakansi kubwa, ile likizo ndefu, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa. Jina langu likasomwa. Nilifurahi mpaka niliposikia nje yenyewe ni wapi. Uganda. Mbarara.

Utasema Uganda ina ubaya gani. Haina. Lakini sisi tunaijua Uganda kama mahali sabuni inatoka. Papa Kambale, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka karibu na parkingi ya Masisi, anaenda Uganda na lori lake kama vile mama yako anavyoenda shambani. Anaondoka, anarudi, anashusha sabuni na mafuta, analala. Hakuna siku kanisa limesimama kumwombea. Na mimi nilitaka kusimamiwa kidogo.

Basi nikapanda pikipiki kurudi nyumbani. Tulipopita Sake, motari, dereva wa ile pikipiki, akaniuliza bila kugeuza kichwa:

"Mudogo wangu, vakansi unafanyia wapi?"

"Poto," nikamjibu. Poto, yaani Ulaya.

"Poto fasi gani?"

"Ubelgiji."

"Utaniletea viatu."

"Unavaa namba ngapi?"

Akanitajia namba, tukacheka, na mimi nikasahau. Yeye hakusahau. Motari wa kwetu ni redio yenye magurudumu. Alinishusha Kingi, akaendelea na njia yake, na kila alipomshusha mtu alimshusha pamoja na Ubelgiji yangu. Siku ya pili mama yangu, ambaye alijua ukweli wote, aliniita jikoni.

"Banasema uko naenda Ubelgiji."

"Mama, unajua watu. Wanapenda kukuza maneno."

Unaona nilivyo? Uongo wangu, nikauvalisha watu wengine.

Sasa wewe unajua desturi yetu, lakini acha niiseme. Mtu wa safari ya mbali hatoroki kama mwizi. Anapita nyumba kwa nyumba akiaga, na kila nyumba inamfungia kitu, hata kama ni maharagi ya kujaza kiganja. Halafu mwenye ndugu kule unakokwenda anakuja kusimama mbele yako. Haji kukupa kitu. Anakuja umwone, ili ukifika useme, nimemwona kwa macho yangu, ni mzima. Kwetu watu wanahama ghafla, simu zinabaki njiani, namba zinapotea, na kila anayekimbia anafika na habari yake ya nani amekufa. Macho ya mtu aliyetoka nyumbani ndiyo tunayoyaamini.

Nikapita nyumba kwa nyumba. Mwanangu, nilikuwa mtamu. Niliwaambia watoto kwamba ng'ombe wa Ubelgiji wanalala kitandani na wanaamshwa kwa kugongewa mlango. Niliwaambia mvua ya kule inaanguka nyeupe na kavu, unaikung'uta tu kama unga. Wamama walishika mbavu. Katekista wetu, mzee asiyecheka ovyo, aliingia chumbani akatoka na koti lake zito la kuendea misa ya asubuhi kwenye baridi.

"Vaa. Kule utakufa na baridi," akasema. "Mimi nitajifunika blanketi."

Nikavaa. Lilifika magotini. Nikatembea mbele yake kama waziri, na yeye, katekista mzima, akatabasamu. Nilikuwa na nafasi pale ya kusema, Papa, Mbarara haina baridi ya hivyo. Sikusema. Ilikuwa inachekesha mno.

Alasiri ya kuamkia safari, pikipiki moja iliingia kwetu ikiwa rangi ya matope kuanzia taa mpaka kwa dereva. Nyuma alikuwa mama mmoja mwenye kuku kwenye kikapu. Alishuka polepole, akasimama akishikilia kiti. Walikuwa wametoka Pinga, kule Walikale. Unaijua ile njia. Fasi zingine mtu anashuka anasukuma, na kwenye kila barieri ya wenye bunduki anajieleza upya kana kwamba hajawahi kuzaliwa. Aliitwa Mama Esperanse. Habari ya kijana wa Kingi anayekwenda Ubelgiji ilikuwa imefika mpaka soko la Pinga.

"Ni wewe mutoto mwenye kuenda Ubelgiji?"

"Ni mimi, Mama. Karibu ukae."

"Nitakaa. Niangalie kwanza. Niangalie muzuri."

Nikamwangalia. Alikuwa mfupi, kitambaa cha kichwani kimelowa jasho, macho yake yananisoma kama vile ndiye aliyekuja kunikagua mimi.

"Sasa umeniona," akasema, na hapo ndipo akakaa. "Mutoto wangu Riziki iko kule. Alipitiaka kwa kambi ya wakimbizi, kisha bakamubeba Ubelgiji. Siye tulipokimbia, telefone ilibakia kwa nyumba, na nyumba ikaungua. Kuna mutu alimwambiaka ati mama yako alikufa kwa pori. Njo maana nimekuya. Ukimuona, umwambie: nimemuona mama yako, iko na meno yake yote."

Majirani wakacheka, naye akacheka, akayaonyesha. Jirani mmoja akauliza kama Ubelgiji si kubwa, nitamwona wapi huyo Riziki. Na mimi, mwanangu, mimi ambaye mdomo wangu ulikuwa umezoea kujibu kabla sijafika, nikasema:

"Haiko kubwa. Ni kama kutoka Sake mpaka Walikale hivi. Nitamuona tu."

Mama Esperanse akafunga macho kidogo. Akauliza kama telefone yangu inaweza kumchukua akisema. Nikaitoa. Akapanga kitambaa chake upya, akajifuta uso, na akaanza kuongea na kile kioo kana kwamba mwanawe yuko ndani yake anachungulia.

"Riziki, ni mimi. Usilie matanga ya mutu mwenye iko nakula. Nilipanda sombe mupya kwa shamba, imeota. Dada yako alizaa. Huyu mutoto wa Kingi amekuya kuniona na macho yake, umuulize. Usilie tena, sikia? Unakonda bure."

Alipomaliza, mama yangu aliona anavyokunja mguu. Akauinua upindo wa kitenge. Bomba la moshi la pikipiki lilikuwa limemuunguza shavu la mguu, kidonda kibichi upana wa kiganja, na alikuwa ameketi nacho muda wote huo. Mama yangu akaleta maji safi, akapiga magoti kumwosha. Mara moja tu aliinua uso akaniangalia, akiwa bado ameushika ule mguu.

Ningesema pale. Niliwaza, nikisema sasa hivi, kuku huyu aliyeniletea nitamrudisha vipi, koti, maharagi, vicheko vyote vile nitavirudisha vipi. Nikaenda kumwangalia mbuzi ambaye hakuwa na shida yoyote.

Asubuhi nikawa parkingini Masisi. Lori la Papa Kambale lilikuwa linafungwa kamba, mzigo wa maharagi na fromaji, ile jibini yetu ya Masisi. Ni yeye alikuwa anivushe mpaka. Alijua vizuri ninakokwenda, na wiki nzima alikuwa akisikia Ubelgiji dukani mwake akicheka chini kwa chini. Watu wa Kingi walikuja kunisindikiza. Nimevaa koti la katekista, jua linanipika. Na Mama Esperanse naye akaja, akichechemea, ameshikwa mkono na mama yangu.

"Mama, muzigo yako ni gani?" Papa Kambale akamuuliza.

"Siko na muzigo. Muzigo yangu iko kwa kichwa ya huyu mutoto. Hii gari njo inamufikisha kwa ndege?"

Papa Kambale akaniangalia. Akarudi kwenye kamba yake, akasema kwa sauti ya mtu anayefungua fundo:

"Siye tunapita Uganda kwanza, Mama. Mengine iko mbele."

Alinisitiri. Ningeweza kupanda lori na yote yakaishia hapo. Lakini Mama Esperanse alikuja karibu, akanivuta chini kwa kola ya lile koti, akaweka mkono kichwani kwangu. Akaanza kumwomba Mungu ashike mabawa ya ndege yangu, lile la kuume na lile la kushoto, asichoke njiani, mpaka kwa Riziki. Watu wote waliinamisha vichwa. Motari wa siku ile alikuwepo, naye amevua kofia.

"Mama," nikasema. "Hakuna ndege."

"Ya leo?"

"Hakuna kabisa. Niko naenda Mbarara, Uganda, kwa ng'ombe. Ile ya Ubelgiji nilikuwa nacheka tu."

Mkono wake ulibaki kichwani kwangu muda kidogo, halafu ukatoka.

"Ulikuwa unacheka nani?"

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka akanyamaza. Katekista alikuwa anaangalia koti lake, si mimi.

"Ungelisema Uganda," akaendelea, taratibu, kama mtu anayejieleza mwenyewe, "ningelibakia kwa mulango yangu na mguu muzima. Ningelikuombea palepale."

Hapo akili ikanirudia, imechelewa kama kawaida yake. Nikamwambia bado kuna njia. Kuna magurupu ya WhatsApp ya Wakongo wanaoishi Ubelgiji, nitaituma ile video, itazunguka, mtu atamjua Riziki. Ilikuwa kweli. Ndilo jambo la kwanza la kweli nililomwambia tangu ashuke kwenye pikipiki.

"Nimesikia," akasema. "Jana pia ulisemaka utamuona."

Akanipita. Akaenda kwa Papa Kambale.

"Papa, na wewe ulijua."

Papa Kambale akaacha kamba. "Nilijua, Mama."

"Lakini wewe iko na duka. Mutu wa duka, najua fasi ya kumupata. Pokea ile kitu kwa telefone yako, uitume."

Tukasogeza telefone zetu pamoja, mimi na Papa Kambale, hakuna anayemwangalia mwenzake. Video ikahama. Mama Esperanse akataka aone yake ikicheza kwenye telefone ya pili. Akajisikiliza mpaka mwisho, mpaka pale pa kukonda bure. Kisha akanigeukia.

"Sasa kwa yako, futa. Niko naona."

Nikagusa. Telefone ikaniuliza kama nina hakika. Ilibidi niguse tena, yeye akiangalia kidole changu. Nikavua koti, nikampelekea katekista. Alilipokea, akalikunja juu ya mkono wake, akaniambia niende salama. Hakuna aliyenitukana. Ningependa wangenitukana.

Nilikaa juu ya magunia mpaka mpakani, na afisa wa kule hakunishangaa hata kidogo. Aligonga muhuri akamwita anayefuata.

Sasa niko Mbarara. Kazi ni nzuri, nimejifunza mambo ya maziwa ambayo nitawaletea. Napiga simu nyumbani kila wiki. Nauliza habari ya mvua, ya maharagi, ya mguu wa Mama Esperanse, ambao wanasema umefunga. Habari ya Riziki siulizi. Swali linafika kwenye ulimi na kubaki hapo. Naona sina haki ya kusikia jibu kabla ya mama yake kutaka nilisikie.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, na nakusihi uichukue hata kama mwenye kuitoa unamjua. Cheka. Kwetu tukiacha kucheka tutakufa sote. Lakini usicheke kwa habari ya unakokwenda. Watu wetu wamepotezana sana, na ukitaja mahali, kuna mtu mahali fulani anasimama na kutafuta viatu vyake. Taja mji wako kwa jina lake, hata kama ni pale sabuni inatoka. Na kama umeshasema uongo, usingoje parkingini. Sema jikoni, mama yako anapokuuliza mara ya kwanza, wakati bado mko wawili.

Mungu akujalie nawe safari yako, na iwe ndefu kuliko yangu. Akupe watu wa kukusindikiza wanaojua wanakusindikiza wapi. Salamu utakazobebeshwa zifike zote, kila moja kwa mwenyewe. Na siku ukisema neno la kweli mbele ya mama wa mtu, akuamini.