Kiko cha Mzizi wa Mpera

Husni alikuwa fundi cherehani wa Muyinga. Vita vilipozidi mwaka 1996, mkewe Swabra alivuka mpaka kupitia Butihinda pamoja na watoto, akaenda kambini Tanzania. Husni alibaki kulinda nyumba na cherehani. Majirani nao walihama mmoja mmoja. Kuna siku alifunga duka bila kusema na mtu tangu asubuhi, isipokuwa Mungu wake katika swala.

Uzi ulipokwisha Muyinga, alipanda lori kwenda kuununua Gitega. Huko akaambiwa barabara imefungwa, hakuna gari la kurudi. Alizunguka mitaani na kifurushi chake, hana mwenyeji, mpaka akamwona mtu ameketi mlangoni akichonga kiko. Ni Cubaka, Mkongo wa Bukavu, aliyekimbia vita vya kwao akaangukia katika vya wenzake.

"Papa, unatafuta kiko?"

"Hapana, fundi. Mi sivutake. Naangalia tu."

"Basi ikala. Kusimama inachokesha."

Husni akakaa. Cubaka alikitoboa kile kipande cha mzizi wa mpera kwa chuma cha moto, akakikwangua, akakipaka mawese mpaka mistari ya mti ikajitokeza. Kisha akampa akishike. Kilikuwa chepesi, na bado kina joto la mkono wa mwenyewe. Husni hakutaka kukirudisha.

"Niuzie."

"Ya kufanya nini? We hauvute. Kiko bila moto inapasukaka."

"Basi nifundishe."

Cubaka akacheka, akakijaza tumbaku, akamwashia. Husni alikohoa, machozi yakamtoka. Moshi ukatawanyika, machozi yakaendelea. Cubaka aliinama, akaanza kukwangua mzizi mwingine.

Husni alilala kwenye mkeka wa Cubaka hadi barabara ilipofunguliwa. Walizungumza habari za wake zao. Cubaka naye hakujua kama mkewe Bora yu hai. Wakati wa kuagana akampa kile kiko, akasema, "Kitabadilika rangi, Papa. Siku moja ulete nione."

Muyinga, kila jioni Husni alivuta kizingitini. Kiko kikakolea, kikawa chekundu cha kuiva, kimelainika pale kidole gumba kinapokaa. Hakukuwa na wa kumwonyesha. Mwaka uliofuata akakifunga kwenye kitambaa, akaenda nacho Gitega.

Mlangoni kwa Cubaka alikuta mwanamke anaosha masufuria.

"Ule Mkongo? Alienda. Hakuaga mutu."

Aliuliza na sokoni. Hakuna aliyejua. Akarudi kwake.

Amani ilipokaribia, Swabra alirudi na msafara wa wakimbizi. Walishikana mikono. Mtoto wa mwisho, aliyeondoka akiwa mgongoni, sasa alikuwa amefika begani kwa mama yake. Alisimama kando ya mizigo, akainamisha kichwa kwa adabu aliyokulia nayo Tanzania.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Husni akaitika, akasogea kumpisha apite.