Kuku wa Upatanisho

Mtaani kwetu Katuba kila ndoa ya kanisani ina wasimamizi wake, mume na mke waliokwisha kukaa pamoja miaka mingi, nasi tunawaita parrain na marraine. Mimi na mume wangu tumesimamia ndoa kadhaa, na kazi hiyo haiishi siku ya harusi. Binti akigombana na bwana yake hukimbilia kwetu. Akiwa amepigwa, ukoo wa bwana humfuata na kuku mzima, marraine humpika, na wanandoa humla katika sahani moja mbele ya wakubwa. Tonge la kwanza likishuka, mambo yamekwisha. Hakuna ruhusa ya kuyataja tena, si nyumbani, si kanisani, si polisi.

Hilo la polisi ndilo lililokuwa likinikera. Mwaka ule wakili mmoja, mwanamke, alikuja kwenye ukumbi wa parokia kutueleza mswada ambao wao mawakili walitaka ufikishwe bungeni. Kipigo cha nyumbani kitajwe kwa jina lake na kiwe kosa. Familia zikipatana, kesi isife kwa sababu hiyo tu. Hakimu aweze kumtoa nyumbani aliyepiga, mke na watoto wabaki. Hapo ukumbi mzima ukacheka, na mama mmoja nyuma yangu akauliza huyo bwana atapikiwa na nani huko aliko. Nami nilicheka, sikatai. Wakili akatukumbusha kwamba tayari sheria ya sasa haimlazimishi mke kuomba kibali cha mume ili aende kushtaki. Tulijua. Tulijua pia kwamba ukifika polisi, swali la kwanza ni kama familia zimekaa kikao, na la pili ni kama mmekula. Mkiwa mmekula, faili linafungwa na mnaambiwa mwende salama.

Haikupita muda mrefu, binti mmoja ambaye ndoa yake tuliisimamia akaja. Alikuja mchana, mtoto mgongoni, kitenge kimezungushwa kichwani na chini ya kidevu kama mtu mwenye jino bovu. Nilipokifungua, uso wake upande wa kushoto ulikuwa umevimba hadi sikioni. Mume wake hupitisha mizigo ya watu mpakani, Sakania, na safari hiyo alikuwa amerudi nyumbani na hasira za huko. Binti hakueleza mengi kwa sababu hakuweza kufungua mdomo. Nilimpeleka kwenye kituo cha afya. Daktari akasema taya lina ufa, akaandika cheti, akaagiza uji mwepesi tu, hata ugali asijaribu. Kutoka hapo tulikwenda moja kwa moja polisi.

Inspekta aliyetupokea alikuwa kijana mpole, na upole wake ndio ulionichefua. Alisoma cheti, akatikisa kichwa, akampa binti pole. Kisha akasema turudi Jumatatu, kwa sababu Jumapili huenda familia zikakaa, na yeye hataki kuanzisha kesi ambayo watu watakuja kuifuta. Nilimuuliza kama mwizi wa baiskeli naye hungojewa Jumapili. Akatabasamu. Binti alinivuta mkono tukatoka, na njiani akaniandikia kwenye simu yake, maana kusema kulimuuma: alitaka kesi, na harudi kwa yule bwana. Nilisoma mara moja nikamwambia sawa. Lakini moyoni niliogopa, kwa sababu nilijua Jumapili wataleta kuku, na nilijua nani atakaa kwenye kiti cha parrain.

Mume wangu ni mtu wa reli, kama baba yake alivyokuwa. Kwake kila kitu kina njia yake, na kikitoka kwenye njia kinaleta ajali. Tangu siku ile hakusema lolote juu ya binti, ila alimpisha kitanda chetu, yeye akawa analala sebuleni.

Jumapili, baada ya misa, walifika. Alikuja bwana mwenyewe, amevaa shati jeupe, na baba yake mdogo aliyebeba kuku wa kienyeji mikononi. Mama wa binti pia alikuja, kutoka Annexe, pembezoni mwa mji, anakolima. Walimpitia njiani makusudi, ili aje akiwa upande wao. Huyo mama ni mjane. Alimkumbatia mwanawe, akaugusa uvimbe, akalia kidogo, halafu akakaa karibu na wageni. Nilimchukia dakika ile. Baadaye nilimhurumia, lakini dakika ile nilimchukia.

Nilimwita mume wangu uani nikamwambia simpiki kuku huyo. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema kwa sauti ya chini: “Kuku ya bageni, bantu habakatalake. Pika. Kama mutoto hataki, ye mwenyewe atakatala.” Nilimwambia mtoto hawezi kukataa mbele ya wazee watatu, na yeye anajua. Akarudi ndani kukaa na wageni, nami nikabaki na yule kuku.

Nilimchinja, nikamnyonyoa, nikamweka kwenye mbabula. Makaa yalishika vizuri. Mama wa binti akaja kuchuchumaa kando yangu, akaanza kunibembeleza nimwache kuku motoni sana, hata mpaka jioni, nyama iachane na mifupa, ili mwanawe aweze kumeza. Alisema msichana aliyeachika na mtoto mmoja anakuwa kichekesho cha mtaa, na yeye mwenyewe amekula ukiwa wa kutosha, hataki mwanawe aurithi. Aliyasema yote hayo akinishika goti. Kuku wa kienyeji nyama yake ni ngumu, kila mtu anajua, na mimi pia nilijua. Alipochemka kiasi cha kuiva tu, kama kawaida ya siku zote, nikamwepua. Yule mama alinitazama, akainuka akarudi ndani.

Ndani, baba mdogo alizungumza vizuri sana. Alizungumza juu ya uchovu wa mpakani, foleni za magari, shetani anayepitia kwa mtu aliyechoka. Hakutaja taya. Bwana akapiga magoti, akasema samahani akiangalia sakafu. Niliweka sahani moja katikati, bukari, ugali wetu, upande huu na kuku upande ule, na paja likaelekezwa kwa binti kama desturi inavyotaka. Nilisimama mlangoni na mtoto mikononi, amelala.

Binti alinawa. Kila mtu alikuwa akiutazama mkono wake. Alimega kinyama, akakaa nacho, akamtazama mama yake. Mama yake akamfanyia ishara kwa kidevu, kula. Akakiweka mdomoni kwa shida, kidole kikisukuma, kwa sababu meno yalikuwa hayaachani vizuri. Kisha akajaribu. Sikusikia kitu, ila niliona macho yake yakijaa maji na mabega yakipanda. Alijaribu tena. Akafungua midomo, akakitoa kile kinyama kizima, akakilaza kwenye ukingo wa sahani.

Hapo baba mdogo akasema polepole, kama anamsaidia, kwamba hata mchuzi utatosha: “Anywe tu supu. Ile itaenea.”

Mama wa binti akachota mchuzi kwa kijiko, akakipeleka kwenye mdomo wa mwanawe. Binti alifumba midomo. Kijiko kikabaki pale, kikigusa, mchuzi ukadondokea kitenge chake. Bwana alikuwa bado amepiga magoti. Aliinua macho, akakitazama kile kijiko kama sisi wote, akingoja.

Mume wangu aliunyosha mkono wake akaufunika mdomo wa binti, kiganja kati ya kijiko na midomo. Mchuzi ukammwagikia vidoleni. Akamwambia baba mdogo:

“Mulileta kuku ya kutafuna kwa muntu mwenye mulivunja kinywa. Hata mumoja hakuuliza kama ataweza.”

Alijifuta kiganja kwa leso, akainua sahani akaitoa mezani. Katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumwona akiondoa chakula mbele ya wageni, na nadhani hata yeye alishangaa. Baba mdogo alivaa kofia yake. Mlangoni aligeuka akasema bila hasira yoyote: “Ilishaingia mu kinywa. Mambo iliisha, na kesho kwa polisi njo vile nitasema.” Bwana akamfuata, akaenda kulala nyumbani kwake, kwenye kitanda ambacho binti alikuwa amekitandika kabla ya kukimbia. Mama wa binti alibaki amekaa, kijiko mkononi, mpaka nilipomwondolea.

Jumatatu tulipofika polisi, baba mdogo alikuwa ameshatutangulia, amekaa kwenye benchi karibu na meza ya inspekta, wanazungumza kama watu wa mtaa mmoja. Nikajua tumechelewa. Inspekta alitutazama, cheti cha daktari kiko mbele yake, na swali lake halikuwa juu ya cheti.

“Alikula ao hakukula?”

Nikaanza kufoka. Nilimuuliza serikali inalipa watu mishahara ili wapeleleze kuku au ili wapeleleze taya, na nadhani nilisema na mengine. Mume wangu alinishika bega. Baba mdogo akasema kwa utulivu kwamba nyama iliingia mdomoni, watu wote waliona, hata mama mzazi aliona. Mume wangu hakuweza kukana, maana ni kweli iliingia. Inspekta akaweka kalamu chini. Nilihisi kesi inaondoka mbele ya macho yetu.

Binti akafungua kitenge chake mwenyewe. Uvimbe ulikuwa umegeuka rangi ya zambarau. Aliegemea meza, akasema kwa meno yaliyoshikana, neno likatoka na mate:

“Sikumeza.”

Inspekta akachukua kalamu, akavuta karatasi, akaanza kuandika. Baba mdogo aliondoka kabla hajamaliza. Mswada wa wale mawakili, hadi ninapoandika haya, sijasikia kwamba umepigiwa kura, na siku ile kesi iliokoka kwa sababu tu tonge halikushuka. Nilifurahi, na nilikasirika kwamba ninafurahia kitu kama hicho.

Jina la binti likaandikwa, na la baba yake marehemu, na la kijiji cha ukoo. Kisha inspekta akauliza anakaa wapi. Binti alifungua mdomo kidogo akaufunga. Nyumba yake aliijua, mtaa na namba, na aliyemvunja taya alikuwa ndani, amejifungia, hakuna karatasi ya hakimu ya kumtoa. Alinitazama mimi, akamtazama mtoto, na inspekta akangoja.

“Andika ya kwetu, chef,” mume wangu akamwambia inspekta.