Mgeni Aliyetafuna Mwamba

Subira iliniisha juzi, nilipomkuta mwanangu kachutama ukingoni mwa shimo walilochimba wapima miamba bondeni, wakaliacha wazi. Mmoja wao akaniambia, "Usihofu dada, tunasoma matabaka tu."

Maneno hayo hayo niliyasikia utotoni, mchana mmoja nilipofuatana na bibi mtoni kufua. Korongo lilinuka tope na sabuni, na nyundo za wageni waliokuja kupima miamba ziligonga mawe ya chokaa. Mmoja akabandua kipande cha mwamba wa kijivu uliokuwa chini ya chokaa, akakitafuna.

"Mtazame," bibi akaninong'oneza, "mwanamme mzima anakula udongo kama mwenye mimba."

Mimi niliamini anaonja ardhi yetu kama imeiva, waje waichukue. Sasa najua alikuwa akisikiliza kwa meno kama mwamba una mchanga. Lakini walichokiona hawakutwambia, na shimo waliloliacha wakati ule lilimvunja mguu mbuzi wa bibi.

Jana nilimpelekea sheha, kiongozi wa mtaa wetu, barua: "Nalalamika kwamba shimo limeachwa wazi kwenye njia ya watoto ya kwendea chuo cha Kurani. Naomba waliolichimba walifukie kabla ya kuruhusiwa kuchimba jengine." Nilisimama mbele yake mpaka akaigonga muhuri.