Koti la Kulimia kwa Wakwe

Leo nacheka, lakini kwa miaka mingi mtu akitaja Kang'ata nilikuwa nainamisha uso, maana kule ndiko nilikovuliwa nguo na mama mkwe mchana kweupe.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, mimi kijana, karani wa shamba la mkonge Korogwe, nimemposa Mwanaidi, na kwao Kang'ata mchumba lazima alime shamba la wakwe waione mikono yake (yangu ilizoea kalamu tu). Shati langu jeupe lilibaki kola na kifua, mgongo umeoza kwa jasho, basi nikavaa koti la sufu juu yake na kulifunga vifungo vyote.

"Shemeji, unalima au unakwenda barazani?" akaniuliza Sefu, kaka yake Mwanaidi. "Vua, utaiva!"

"Nimezoea," nikasema, nikazidisha jembe nimpite, na mama mkwe alipoleta mtungi wa maji nikageuza uso nikakataa, kwa sababu mkwe hali wala hanywi mbele ya mama mkwe. Baadaye jasho likakauka lenyewe, nikafurahi (mjinga mimi!), kumbe akili imeshahama: nikauinamia mti wa muhogo, "Shikamoo, baba," kisha nikaung'oa, nikang'oa na wa pili, muhogo mchanga wa mama mkwe, watu wanacheka, hadi mapaja yakakaza kama gogo, nikaanguka.

Kicheko kikakatika.

"Mama, usimguse, ni mkweo!" nikamsikia Sefu.

"Akifa atakuwa mkwe wa nani?"

Akang'oa vifungo, akalivua koti, mgongo wangu ukaonwa na kijiji kizima, akanimwagia mtungi wote, akanipepea kwa khanga yake.

Wakanibeba kwa kitanda cha kamba hadi zahanati. Mkojo ukatoka mweusi kama chai iliyochemka mno, na mganga akasema joto na kazi vimeharibu nyama za mwili, uchafu wake unaziba figo. "Mngechelewa kidogo, mngemzika."

Siku zote nilizolala pale mama mkwe alininywesha kikombe baada ya kikombe, akichungulia chupa ya mkojo bila haya, wodi nzima ikisikia: "Leo mkojo umepauka, mwanangu. Kunywa tena." Siku ulipotoka mweupe alipiga kigelegele, nami nikajifunika shuka hadi kichwani, nikilia.

Nilipotoka alinikabidhi shati langu, amelishonea mgongo wa khanga ileile.

Mwanaidi nilimwoa, nami nimemhamisha mji baada ya mji, miguu yangu haitulii. Mama hayupo tena. Shati liko sandukuni. Na mtu akinipa maji, awe mkwe, awe nani, navua koti kwanza, nakaa, nakunywa mbele yake mpaka kikombe kiishe.