Siku Nilipomzimia Mama Mkwe Taa

Kuna watu hapa Juba, na si wachache, wanaoamini mpaka leo kwamba mama mkwe wangu ni shahidi wa kesi kubwa isiyotajwa, na aliyewafanya waamini hivyo ni mimi, mpiga picha wa televisheni mwenye cheti, niliyelelewa Eldoret nikarudi nyumbani nikijua kila kitu kuhusu taa na sijui lolote kuhusu wakwe. Aibu yake sijaimaliza. Lakini kwa vile mmeshaisikia kutoka kwa watu wenye kutia chumvi, heri muisikie kwangu bila chumvi, na mtaona kwamba haikuhitaji.

Wakati huo nilikuwa mchumba wa Abuk, na wazee wa pande zote mbili walikuwa wamepanga kukutana Jumamosi moja mwishoni mwa mwezi kuzungumza mahari. Mjomba wangu Malual, ambaye ndiye anayenisimamia tangu baba afariki, alinikalisha chini anifundishe adabu za ukweni, maana alijua huko Kenya nilifunzwa kumsalimia kila mtu kwa mkono na meno yote nje. "Mama mkwe huli mbele yake," akasema. "Humkaribii. Humtazami usoni. Ukimwona njiani, unapinda." (Nikauliza, je, kama njia haina kona? Akasema, "Basi ingia kwenye mtaro." Na kweli niliingia mara moja, karibu na soko la Konyo Konyo, nikiwa na viatu vyangu vya kazini.) Niseme ukweli, niliogopa sana kuitwa mtoto wa ugenini, na mtu anayeogopa hivyo huishika mila kuliko wale waliozaliwa nayo.

Sasa kituo chetu kina kipindi cha wafanyabiashara wadogo, na mtangazaji wake ni Keji, mwanamke mwenye maswali mengi na subira kidogo, ambaye wiki hiyo aliamua kumhoji mama mmoja anayetengeneza siagi ya njugu Konyo Konyo, aliyeanza na beseni tu na sasa ndiye anayesikilizwa na wanawake wa safu nzima. Nilipoona jina nikakaa chini. Alikuwa mama yake Abuk. Mpiga picha mwenzangu alikuwa amelala na malaria, kwa hiyo kazi ilikuwa yangu, na hapo ndipo ningesema tu, "Keji, huyu ni mama mkwe wangu, siwezi kumtazama," naye angecheka, ofisi ingecheka, na mambo yangeishia hapo. Sikusema. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kuchekwa, na wote mnajua nilivyochekwa baadaye.

Abuk naye alikuwa na furaha iliyonitia hofu zaidi. "Mama amefurahi kuwa ni wewe," akaniambia. "Hajawahi kupigwa picha ikatoka vizuri. Dada yake amebaki Arua kule Uganda, atatazama kwa simu, hawajaonana tangu mama arudi. Mfanye apendeze, Majok." Nikasema niachie mimi.

Na hilo lingekuwa rahisi, kwa sababu kumpendezesha mtu mbele ya kamera ndiyo kazi ninayoijua. Kamera ikikaa usawa wa macho, mgeni na mtazamaji wanakuwa watu wa rika moja; ukiishusha, mgeni anakuwa mkubwa; ukiipandisha, hata waziri anaonekana kama ameitwa kwa mwalimu mkuu. Taa unaiweka mbele kidogo upande, juu kidogo, mpaka uone kile kidoa cha mwanga ndani ya macho, maana macho yasiyo na kidoa hicho ni kama ya samaki wa juzi. Na dirisha haliwekwi mgongoni mwa mtu. Kamera ina roho mbaya, ikiona dirisha inamsahau mtu, anabaki kivuli. Haya yote niliyajua asubuhi ile nikifunga stendi yangu kwenye boda kwenda Hai Malakal, nyumbani kwao Abuk, na bado nikayafanya niliyoyafanya.

Njiani nilimpigia mjomba simu, nikamuuliza kama kumtazama mama mkwe kwa mashine ni kumtazama.

"Mashine ni ya nani?" akauliza.

"Ya kituo."

"Na macho ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi umejijibu," akasema, akakata.

Sebule ya mama Abuk ilikuwa imepangwa vizuri, viti vyote vimefunikwa vitambaa vya kufuma, na yeye mwenyewe (niliona kwa pembeni tu, upindo wa gauni la njano na viatu vipya) alikuwa amekaa wima kwenye kiti kinachotazama dirisha, yaani mahali ambapo mpiga picha yeyote angeshukuru Mungu. Mwanga wote ulikuwa unamwangukia usoni. Nikawasha kamera, nikaona kwenye kioo chake ukingo wa shavu, nikafumba macho. Ndipo nikatoa wazo. Nikasema, nikitazama sakafu, kwamba ingefaa mgeni ahamie kiti cha upande wa pili.

"Majok, hapo si dirisha itakuwa nyuma yake?" Keji akauliza.

"Ni mtindo mpya."

"Unaitwaje?"

"Wa dirisha," nikasema.

Keji alikuwa na haraka, akamsaidia kuhama, akambandika maiki (mimi singeweza kusogea hapo hata kwa amri ya mahakama), na mama akakaa na jua lote la Juba mgongoni. Lakini sikuwa nimepotea kabisa, msidhani hivyo. Nilikuwa na taa moja, nikaiwasha na kumwelekezea, na ile taa peke yake ingetosha kuokoa uso wake na ndoa yangu.

"Ya jena," akaita, maana yake mtoto, na mtoto nikawa mimi. "Taa hii nachoma mimi. Iko nakausha macho."

Dawa yake ni kuirudisha nyuma hatua chache. Ili kuirudisha, ningepita mbele yake. Nikaizima.

"Kwes," akasema. Vizuri.

Mazungumzo yote niliyatumia kutazama ufa mmoja kwenye saruji, ambao naujua mpaka leo unavyokwenda. Keji alikaa ubavuni mwa kamera akimtazama mgeni, kwa hiyo hakuona kioo kilionyesha nini, na aliponiuliza kama fremu iko sawa nikajibu iko poa, na kwa kweli ilikuwa poa, dirisha lilitoka vizuri sana. Mama aliongea kwa moyo. Alieleza alivyorudi kutoka Uganda hana kitu, alivyosaga njugu kwa mkono. "Mimi naanza na beseni moja," akasema. "Watu nasema mimi nashindwa. Sasa hao watu iko wapi?" Akacheka, na Keji akacheka, na mimi nikacheka na ufa.

Kazi ilikwenda kwa mhariri wetu Taban, mtu makini ambaye huwa haulizi maswali akiamini ameelewa. Akaona mwanamke mweusi tii mbele ya dirisha linalowaka, uso haupo, macho hayapo, na Taban, aliyewahi kuhariri habari za mashahidi na waliotoroka mikononi mwa wabaya, akafanya lililo jema. Alifuta jina lake kila lilipotajwa. Akaishusha sauti yake mpaka ikawa ya mwanaume mnene. Kisha akaniandikia kwenye simu: "Nimemaliza. Mgeni yuko salama kabisa." Nikaona ni vizuri mgeni awe salama. Nikamtumia dole gumba.

Jumapili alasiri televisheni ilitolewa uani, jenereta ikawashwa, majirani wakaja, wanawake wa sokoni wakaja na viti vyao, na mimi nikaketi nje ya ua juu ya dumu, kama inavyompasa mkwe, nikisikia tu. Abuk akaniletea chai. Muziki wa kipindi ukapigwa, watu wakapiga vigelegele. Halafu ikaja sauti kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya pipa: "Mimi naanza na beseni moja. Watu nasema mimi nashindwa. Sasa hao watu iko wapi?" Halafu kicheko. Sijawahi kusikia kicheko kama kile, na nilikuwepo kilipochekwa.

Vigelegele vikakoma. Jenereta ikaendelea peke yake. Ndipo jirani mmoja akauliza kwa upole, "Mama Abuk, huyu mwanaume ni nani, na mbona amekalia kiti chako?"

Abuk akatoka nje akasimama mbele yangu.

"Niambie ni televisheni imeharibika," nikasema.

"Televisheni ni nzima," akasema, akaichukua ile chai akarudi nayo ndani.

Kilichofuata si cha kuchekesha sana. Sokoni watu walianza kumnong'oneza mama, wanamuuliza anamwogopa nani, amemtaja nani. Wanawake waliokaa naye kila siku wakasogeza meza zao kidogo, si kwa ubaya, ila kila mtu ana watoto. Dada yake akapiga simu kutoka Arua analia, anauliza amefanya nini hata afichwe, na kama atume mtu aje kumchukua. Mama akafunga kibanda, akakaa nyumbani. Kisha habari zikamfikia mjomba kwamba kikao cha Jumamosi hakipo mpaka mama mwenyewe aongee na mimi. Niliona nimempoteza Abuk, na sikulala.

"Wewe ndiye uliyeniambia," nikamlilia mjomba. "Ulisema nimejijibu."

"Nilisema umejijibu," akasema. "Sikusema umejijibu vizuri."

Nikaenda Hai Malakal. Nikaingia kiubavu, nikakaa mbali, macho chini kwa rafiki yangu ufa.

"Wewe naogopa mimi?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Ninakuheshimu."

"Heshima gani hii nafunika mtu kama sufuria? Mimi nashona gauni. Mimi nasuka nywele siku mzima. Nani naona? Heshima iko ya kulinda mimi nisipate haya. Wewe nachukua hiyo hiyo heshima, nafanya mimi mwizi. Ile siku yote mimi natafuta macho yako, nijue kama naongea vizuri. Naona utosi tu."

Niliona haya mpaka masikio yakapata moto.

"Sande ingine uso yangu inatoka yote," akasema. "Na wewe ndio napiga."

"Mama, itabidi nitazame."

"Kwa kazi, tazama. Kazi ikiisha, rudi kwa mtaro yako."

(Kumbe aliniona.)

Keji nikamweleza yote, akacheka mpaka akaomba maji, kisha akatupa nafasi nyingine. Safari hii tulikwenda Konyo Konyo kibandani kwake, asubuhi jua likiwa bado la upande. Kamera nikaiweka usawa wa macho yake, kisha nikaishusha kidogo tu, kwa sababu nilikuwa na deni la adabu. Nikatazama. Ana macho ya Abuk, na kovu dogo kwenye nyusi, na akiongea habari za njugu uso wote unaongea. Mwishoni, bila kuulizwa, akaigeukia kamera yenyewe, jambo tunalowakataza wageni wote, akasema, "Dada, mimi iko hapa. Unaona mimi?" Keji hakumkatiza. Nami nikalia kidogo nyuma ya kamera, jambo ambalo hakuna aliyeliona, maana mpiga picha hana wa kumpiga.

Kikao kikafanyika. Wazee wa upande wa Abuk wakaongeza ng'ombe mmoja juu ya waliotarajiwa, wakamwita ng'ombe wa giza, na mjomba Malual akabisha kidogo kwa ajili ya heshima ya ukoo, halafu akauliza, ikiwa ni wa giza, basi awe mweusi? Mama akatuma jibu kutoka ndani. "Awe mweupe," akasema. "Nataka aonekane."

Tumeoana, asanteni. Sokoni bado wapo wanaomnong'oneza mama habari za ile kesi, na nasikia siku hizi yeye hawakanushii sana, kwa sababu hakuna anayethubutu kumkopa. Nikikutana naye njiani napinda, na pasipo na kona naujua mtaro ulipo. Lakini taa simzimii tena, hata akisema inachoma.