Punje Moja Simuni

Juzi sokoni Namanyere nilisimama karibu na mzee aliyekuwa akimnunulia binti yake mahindi. Binti alikuwa kwake Sumbawanga, ana mtoto mchanga, anaendesha biashara kwa simu ya mkononi. Lori lilikuwa linataka kuondoka, na mzee amegoma kupakia.

"Mfanyabiashara gani hafiki sokoni?" aliifokea simu. "Njoo uyaone mwenyewe!"

"Baba, usikasirike." Sauti ya simu ilitufikia sote. "Weka simu shavuni, halafu ng'ata punje."

Mzee akang'ata. Ka!

"Hayo makavu, pakia. Gunia la pili?"

Akang'ata tena. Kimya.

"Mabichi hayo, baba. Yataota ukungu ghalani. Mrudishie mwenyewe."

Mzee akaigeuza simu, kama anatafuta tundu ambalo binti yake anachungulia. Magunia yote yakapimwa hivyo, lori likapakiwa.

Sisi wa umri wake tulizoea kwamba kazini ni mahali, na asiyeonekana hayupo kazini. Sijui kama tulikosea. Mzee naye alikubali nusu tu. Alipapasa taya, akaiambia simu:

"Haya, mama, fanya kazi hukohuko kitandani. Ila msimu ujao utafute meno mengine. Haya yangu yamechoka."